Wamala wa Ruganda, Wamara wa Kagera

Msomaji wa Bukoba au Muleba akifungua tamthilia ya John Ruganda, The Burdens (1972), anapokewa na jina analolijua: Wamala. Kwa Wahaya, Wamara ni mfalme wa Bachwezi aliyetoweka duniani akawa mtawala wa wafu, huku Mugasha akishika ziwa na Irungu pori. Ruganda, mzaliwa wa Fort Portal, amempa jina hilo waziri aliyetiwa kizuizini kwa njama za mapinduzi. Waziri huyo ametoka mlevi, hana kitu.

Nyumbani, yeye na mkewe Tinka huigiza. Wamala anakwenda kubembeleza msaada kwa tajiri Kanagonago. Tinka ndiye Kanagonago. Mwaka 1920 Freud aliandika juu ya mjukuu wake aliyekuwa akitupa kigurudumu cha mbao chenye uzi na kukivuta tena: anayeumizwa hurudia maumivu yake ili safari hii awe mtendaji, si mtendewa. Hapo Freud anamwona Wamala vizuri kuliko kwa ule ufunguo wa Oedipus unaochomekwa kila mlangoni. Dola imemwachia, lakini kizuizi kimehamia sebuleni.

Ila mbona igizo linaishia kwa mauaji? Embandwa, yaani wanaopandwa na pepo wa Bachwezi, nao huigiza: Mchwezi akipanda, mtu wa kawaida anasema kwa sauti ya mkubwa. Lakini mgeni huyo hutajwa jina, huulizwa anataka nini, hupewa chake, kisha huagwa, na waliozunguka wanajua ngoma inaisha lini. Kwa Wamala hakuna wa kuuliza wala wa kuaga. Wachezaji wawili ndio majeruhi wawili. Katika The Island (1973) ya Fugard, Kani na Ntshona, wafungwa angalau wanaigiza Antigone mbele ya wenzao.

Kagera nayo ilikuwa na mfungwa wake halisi, Ali Migeyo, aliyefungwa na wakoloni kwa siasa; G. Mutahaba alichapisha maisha yake mwaka 1969. Migeyo alikuwa na jambo ambalo watu walio nje ya gereza walilihesabu kuwa lao. Njama ya Wamala ilikuwa ya Wamala, ndiyo maana nyumba nzima haina la kuitikia.

Ni rahisi kumlaza Wamala kwenye kochi la Freud. Kwa macho ya embandwa, aliyepandwa ni Tinka: kila usiku wa igizo Kanagonago anaingia kinywani mwake, wala hakuna anayemtoa.