SEHEMU YA 6: Anaumwa moyo, mbona tunapima shingo?

Mzee mmoja wa Msimbati aliniuliza, "Sista, mimi nabanwa kifua, mbona huyu ananipaka jeli shingoni?" Nilicheka, ila swali lake lina historia.

Mishipa inayolisha moyo ni myembamba, iko ndani ya kifua, na haitulii kwa sababu moyo wenyewe hautulii. Wa shingoni uko karibu na ngozi. Weka vidole pembeni ya koromeo utausikia. Na mafuta yakiganda kwenye mshipa mmoja, mara nyingi na mwingine yamo. Mwaka 1986, Paolo Pignoli na wenzake wa Italia walionyesha kuwa ultrasaundi inaweza kupima unene wa ukuta ule, tena chini ya milimita moja. Hakuna kisu, hakuna mionzi. Watafiti wakaipenda kwelikweli.

Lakini 2013 vyama vya madaktari wa moyo Marekani vikashauri unene huo usipimwe kwa kila mtu ili kukisia nani atapata shambulio la moyo. Na kwetu? Mradi wa kiharusi wa Hai na Dar es Salaam, 2003 hadi 2006, ulipima shingo za wagonjwa: wengi hawakuwa na mbano mkubwa. Presha ndiyo ilijaa.

Sasa yule mzee, kusikia shingo iko safi, akasema vidonge vya presha basi. Nikavuta kiti. "Babu, shingo safi si cheti cha moyo." Tukapima presha mbele yake: 178 kwa 104. Akanyamaza, kisha akauliza vidonge vinanywewa kabla au baada ya kula.