Usukumani: shoka lilivyofyeka duka la dawa

Taja mganga wa Kisukuma mbele ya vijana wa mjini, stori itaishia kwenye ramli. Wengine watakumbusha mwaka 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipofuta leseni za waganga kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Unyama ule hauna utetezi. Ila jina hilohilo la mganga linambeba pia mzee wa mizizi na magome, na historia yake hatuisimulii.

Kwa watu wa Kiloleli, Bariadi na Simiyu kwa ujumla, duka la dawa lilikuwa pori. Mlundalunda kwa tumbo, mkwaju kwa homa. Hakukuwa na kitabu. Mtoto alijifunza kwa kumfuata mzee porini, anaonyeshwa mti, anatajiwa jina na kazi yake.

Sasa tazameni yaliyotokea. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza, ikishirikiana na watemi, ilitoa watu kwa maelfu kufyeka mapori ya Shinyanga ili kufukuza mbung'o. Ng'ombe walipona nagana, lakini miti ilikwenda. Ikafuata pamba, ikitaka mashamba mapya kila msimu. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, wakaziacha ngitili zao, yale malisho waliyoyatunza kwa ajili ya kiangazi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi, ilikuwa inaitwa jangwa.

Mnamo 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walianza na vitalu vya miche, lakini kilicholeta mabadiliko makubwa ni kuwarudishia wananchi ngitili zao. Visiki vikaachwa vichipue. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa kijani. Zikarudi kuni, asali, uyoga, na dawa pia.

Mtaniuliza, kwani dawa hizo zinatibu kweli? Swali zuri. Si kila gome linaponya, na mengine ni sumu. Ndiyo maana Muhimbili ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974. Lakini mtafiti atapima nini kama mti umeshakuwa mkaa na mzee aliyejua jina lake ameshazikwa?

Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mganga akatambuliwa na sheria, jambo jema. Ila cheti hakioteshi mlundalunda. Kwa maoni yangu, waliookoa tiba ya Usukumani ni wakulima na wafugaji waliokubali kuacha visiki vichipue, kuliko sisi tunaonunua unga wa mizizi mjini bila kuuliza umechimbwa wapi.

Nyie wenzangu mnasemaje? Kwenu wazee wangapi bado wanajua majina ya miti?