Jua, Ua na Bamba la Picha: Kutoka Gitega hadi Muyinga

Atazamaye picha za kale za nchi za Maziwa Makuu huona watu, ng'ombe, vilima na nyumba za msonge. Maua ya porini ni nadra kuyaona, na yakiwapo hayana sura yake. Sababu si uchache wa maua. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jua lilivyokuwa rafiki na pia adui wa mpiga picha wa maua, na funzo tuwezalo kulipata sisi tunaofundisha lugha.

Picha za mwanzo za mimea zilizopigwa kwa jua hazikuhitaji kamera. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alivumbua karatasi igeukayo rangi ya buluu iangaziwapo na jua. Mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha picha za mwani: kila mmea ulilazwa juu ya karatasi hiyo na kuanikwa juani, na mahali ulipolala pakabaki peupe. Katika Afrika, daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk alipiga picha katika msafara wa Zambezi wa miaka 1858 hadi 1863, kabla ya kuhamia Unguja mwaka 1866.

Burundi ilifikiwa baadaye. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alipita nchi hiyo mwaka 1911, na kitabu chake Die Barundi kikatoka mwaka 1916. Katikati ya miaka hiyo, yaani mwaka 1912, Wajerumani walihamisha makao ya utawala wao kutoka Usumbura hadi Gitega. Kamera basi zilikwisha kufika. Kilichokosekana ni bamba liwezalo kuona rangi.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana jambo la kutafakari. Lugha yetu ina mashina matatu tu ya asili ya sifa za rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumezikopa kutoka katika vitu: kijani ni jani, manjano ni kiungo, zambarau ni tunda. Bamba la kale lilikuwa maskini kuliko lugha. Lilijua mbili tu, nyeupe na nyeusi, na ile ya tatu liliihesabu kuwa nyeusi, kwa kuwa halikuhisi mwanga mwekundu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba bamba likitiwa rangi maalumu laweza kuhisi kijani na manjano; lakini nyekundu iliendelea kukosekana katika mabamba ya kawaida hata baada ya mwaka 1906, kiwanda cha Wratten & Wainwright cha Uingereza kilipoanza kuuza mabamba yaliyohisi rangi zote.

Tuchukue mfano wa umurinzi, mti ambao Warundi wanauhusisha na ibada ya kale ya Kiranga. Aghalabu huchanua majani yakiwa yamepukutika, na maua yake mekundu huonekana kutoka mbali kama makaa ya moto. Katika bamba la kawaida la zama za Meyer, moto huo ungetoka mweusi kama mkaa uliozimika. Aliyeiona picha hiyo Ulaya asingejua ni kwa nini mti huo ulistahili heshima.

Rangi zilikuja kwa hatua. Mabamba ya rangi ya ndugu Lumière, yaliyouzwa kuanzia mwaka 1907, yalitaka ua litulie kwa sekunde nzima au zaidi hata juani. Na ni ua gani la mlimani lisilotikiswa na upepo? Filamu ya Kodachrome ya mwaka 1935 ilipunguza taabu hiyo.

Jua lenyewe, hata hivyo, halikubadilika. Gitega iko karibu na digrii tatu na nusu kusini mwa ikweta. Hivyo karibu na tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini. Petali nyeupe huungua katika picha, na shina huzama katika kivuli cha ua lenyewe. Saa nazo zina mambo yake. Burundi, saa sita mchana ni adhuhuri ya kweli, au karibu nayo. Avukaye mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga, na kuingia Ngara, Tanzania, hukuta saa imetangulia kwa saa moja, na jua lile lile liko utosini saa saba.

Kwa walimu watakaowapeleka wanafunzi vilimani, au katika Hifadhi ya Ruvubu iliyoanzishwa mwaka 1980, tunashauri: pigeni picha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, jua likiwa kali, likingeni ua kwa kitambaa cheupe chepesi, na jua likiwa nyuma ya petali, wekeni karatasi nyeupe mbele ya ua irudishe mwanga.

Juu ya yote, andikeni jina la ua kwa Kirundi na kwa Kiswahili, pamoja na mahali na tarehe. Makumbusho ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yamehifadhi vyombo vya wazee wetu. Majina ya maua hayana kabati isipokuwa vinywa vya wanaoyajua. Kamera za leo huona rangi zote, lakini hakuna hata moja iwezayo kumwuliza bibi kizee jina la ua. Kazi hiyo ni yetu.