Uhuru Ilivyoshuka

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Ilipima eksirei za nyota hadi 1973. Ilipokufa, hakuna aliyeifuata: hewa nyembamba ya juu iliipunguza mwendo, ikashuka na kuungua mwaka 1979.

Leo taka za angani, yaani vyombo vilivyokufa na vipande vyake, ni nyingi, na kusubiri zishuke zenyewe hakutoshi. Mwaka 2018 chombo cha Chuo Kikuu cha Surrey kilijaribu kunasa taka kwa wavu. 2019 kikatumia chusa.

Taka hizo hufika hata ardhini. Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe hasara.