Milam na Njia ya Chumvi

Tasbihi ya Wabudha wa Tibet ina shanga 108. Ile aliyoishika Nain Singh Rawat alipoingia Lhasa, Januari 1866, ilikuwa na 100 tu, wala hakuna aliyezihesabu. Kila alipotimiza hatua 100 alivuta ushanga mmoja, na hatua 2,000 zilikuwa maili moja. Ndani ya gurudumu lake la sala, mahali pa dua, palikaa karatasi za vipimo. Na zebaki ya kupimia nyota aliificha ndani ya kauri, kombe la bahari iliyo mbali sana na kwao. Ndivyo mwalimu huyu wa skuli alivyowapimia Waingereza nchi iliyowafungia mlango, na mwaka 1877 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikamtunuku nishani ya dhahabu.

Aghalabu habari hii husimuliwa kama ajabu ya mtu mmoja. Kijijini kwake, lakini, kutembea kwenda Tibet ndiko kulikokuwa maisha. Nain Singh alizaliwa mwaka 1830 huko Milam, katika bonde la Johar kaskazini mwa India, kwenye kimo cha mita 3,400 hivi, jirani na barafu inayozaa mto Gori Ganga. Wenyeji wake, Washauka, walikaa huko juu miezi ya kiangazi tu. Baridi ilipokaribia, kijiji kizima, vitoto na mifugo, kilishuka mabonde ya Munsiari na chini zaidi.

Wanaume walipanda na nafaka, nguo na sukari, wakarudi na sufu na chumvi. Naam, chumvi: kwa mtu wa pwani hutoka chini, baharini, kwao ilishuka kutoka maziwa ya Tibet. Wachukuzi walikuwa kondoo na mbuzi, kila mnyama na vifuko viwili mgongoni, akijilisha njiani. Mlima wa Unta Dhura, unaopita mita 5,000, ulikuwa wa kwanza tu. Nyuma yake palikuwa na mapito mengine mawili, na msafara ulijitahidi kuyavuka yote kwa siku moja. Ng'ambo, kila mfanyabiashara alikuwa na mshirika wake, urafiki uliorithiwa baba kwa mwana. Wanawake walibaki na mashamba ya shayiri, na vitanda vya kufumia ambavyo juu yake sufu ile iligeuka mablanketi na mazulia. Hao hawakupewa nishani, ingawa bila ya kazi yao msafara usingekuwa na maana.

Theluji iliifunga njia hiyo kila mwaka, na kila mwaka ikaifungua. Oktoba 1962 India na China zilipigana, na safari hii njia haikufunguka. Kondoo wa mizigo wakawa hawana kazi. Familia zilizoshuka kwa majira ya baridi zikabaki huko huko chini. Itakuwa dhuluma kumlaumu mpimaji kwa mpaka uliochorwa na wengine. Hata hivyo, ni vigumu kuisahau tasbihi ile.

Siku hizi askari wa mpakani wana kambi Milam, na familia chache hupanda kila kiangazi kulima viazi. Nyumba nyingi ni kuta za mawe zisizo na paa, na katika baadhi yake bado ipo miimo ya milango, ya mbao zilizochongwa nakshi.