Muda wa kupishana thieta

Mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa anapovushwa mlango wa thieta kwa machela, saa huanza kuhesabu. Husimama mgonjwa anayefuata akiingizwa. Kipimo hicho napendekeza tukiite muda wa kupishana, kwa sababu ndicho kinachotokea: mmoja anatoka, mwenzake anaingia, mlango ni ule ule. Kukiita muda wa kusubiri ni kuwaonea wauguzi, maana humo ndani hakuna anayesubiri. Mhudumu anapiga deki kwa dawa na kufuta meza ya upasuaji hadi miguuni. Muuguzi anafungua seti iliyotakaswa, anahesabu shashi, sindano na mikasi kwa sauti huku mwenzake akiandika ubaoni. Mtaalamu wa usingizi anakagua mashine yake na kuvuta dawa za mgonjwa ajaye.

Katika hayo hakuna la kuruka. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo msimamizi anayewaharakisha watu wakati wa kuhesabu shashi anaokoa dakika mahali pabaya kabisa.

Dakika zinazopotea bure mara nyingi ziko nje ya chumba. Fomu ya ridhaa haina saini. Damu haijatoka maabara. Seti pekee ya upasuaji wa ngiri bado imo ndani ya mashine ya kutakasia. Mgonjwa mwenyewe yuko wodini, hakuna aliyetumwa kumchukua. Yote haya hutengenezwa jana yake jioni, orodha ya kesho ikipitiwa na wodi, maabara na chumba cha vifaa kwa pamoja. Na mgonjwa anayefuata aitwe daktari anapoanza kushona ngozi ya aliye mezani.

Hata hivyo kipimo hiki kisitukuzwe kupita kiasi. Chumba chenye upasuaji mkubwa mitatu kwa siku kina kupishana mara mbili tu. Ukiokoa dakika kumi kila mara, umepata ishirini, ambazo hazitoshi kumwingiza mgonjwa wa nne. Lakini penye wagonjwa kumi na wawili wa mtoto wa jicho, kupishana ni mara kumi na moja, na dakika tano tano zinafika hamsini na tano: hapo wagonjwa zaidi wanaona siku hiyo hiyo. Hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa na Dkt. Govindappa Venkataswamy mjini Madurai, India, mwaka 1976, ilielewa hesabu hii mapema. Daktari ana meza mbili. Akimaliza jicho la huyu, anageukia meza ya pili ambako mgonjwa ameshaandaliwa.

Kuchelewa kwa mgonjwa wa kwanza asubuhi hakumo katika muda wa kupishana. Hupimwa peke yake. Wala pengo lililopangwa, kama la chakula cha mchana, halihesabiwi. Daftari la thieta linahitaji safu tatu tu kwa kila upasuaji: saa ya kuingia, saa ya kutoka, na sababu ya kuchelewa ikiwapo. Safu ya tatu ndiyo huachwa wazi mara nyingi, nayo ndiyo inayoonyesha pa kurekebisha.