Je, Msiba Huibadili Jamii? Somo Kutoka Ufipa

Kila taifa linapopatwa na msiba, husikika kauli kwamba hatutakuwa tena kama zamani. Binafsi naitilia shaka kauli hiyo, na ushahidi wangu wa kwanza nautoa Ufipa, uwanda wa juu ambako leo Sumbawanga ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Rukwa.

Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliotoka kusini mwa Afrika, waliuvamia uwanda huo. Zwangendaba alifia hukohuko, na wafuasi wake wakagombea urithi, kisha wakatawanyika: wengine Unyamwezi, wengine Songea, wengine nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Wafipa waliachiwa majeraha. Hata hivyo, mwaka 1880 Joseph Thomson alipopita Ufipa aliwakuta wakulima watulivu.

Nini kiliwabadili? Sidhani kwamba ni maumivu pekee. Tazama kilimo chao cha intumba: majani hufukiwa katika vifungu vya udongo yakaoza, na msimu unaofuata vifungu hivyo hutawanywa na kupandwa ulezi. Anayefukia majani leo ili avune mwakani anahitaji utawala unaomhakikishia kwamba mwakani atakuwapo. Amani ilidumu kwa sababu iliingia katika shamba na katika utawala. Haikubaki katika kumbukumbu za vita tu.

Sasa tuangalie taifa zima. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria na kuua mamia ya watu. Tulilia, tume ikaundwa, na mwaka 2001 ikatungwa sheria ya kuanzisha SUMATRA, mamlaka ya kusimamia usafiri wa nchi kavu na majini. Lakini tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa lilelile, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya 220 walikufa.

Hoja yangu, basi, ni hii: msiba hufungua mlango tu, wala haumlazimishi mtu kuingia. Machozi hukauka, na taasisi bila utekelezaji hubaki jina. Kinachodumu ni kile kinachogeuzwa kuwa desturi ya kila siku, hata pale ambapo hakuna kamera wala kiongozi mgeni.

Kwa hiyo, atakayeonesha kama tumebadilika si mhutubu wa siku ya maombolezo. Ni mtumishi wa umma katika bandari ya Kasanga, anayehesabu abiria asubuhi ya kawaida na kuthubutu kusema: imetosha, chombo kimejaa.